Apite Tu

Kuna ombi ambalo mimi hulisikia karibu kila mwisho wa muhula, baada ya ibada, tukiwa kwenye chai: "Mwalimu, huyu ni mtoto wako. Msaidie apite tu." Ninafundisha somo la kompyuta katika chuo cha miaka miwili hapa Marekani. Ombi hilo silidharau. Kijana anayeombewa hupakia mizigo ghalani usiku kucha, na saa mbili asubuhi yuko darasani. Akifeli masomo mengi anaweza kupoteza msaada wa ada wa serikali, kwa kuwa masharti yake yanadai maendeleo ya kuridhisha.

Basi nikimwongezea alama kumi, nani ataumia?

Mwaka 1986, katika hospitali moja ya mji wa Tyler, Texas, mgonjwa wa saratani alilazwa chini ya mashine ya mionzi iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa Kanada. Mwendeshaji aliandika herufi isiyo sahihi, akarudi kuirekebisha upesi, kama tufanyavyo sote kwenye simu zetu. Programu haikuyapokea vizuri mabadiliko yale. Mionzi ikatoka kwa nguvu kupita kiasi, na skrini ikaandika tu kosa namba 54, bila kueleza ni kosa gani. Wiki chache baadaye, hospitali ileile, ikatokea tena. Wagonjwa wote wawili walifariki. Mashine ya aina iliyotangulia ilikuwa na vizuizi vya vyuma na umeme vya kuzuia hatari kama hiyo. Katika hii mpya, kazi hiyo iliachiwa programu. Kati ya 1985 na 1987 ajali za namna hiyo zilikuwa sita.

Sisemi aliyeiandika alibebwa chuoni. Ninachosema ni kwamba mgonjwa aliyelala pale hakuwa na njia ya kujua ni nani aliyeandika mistari ile, wala aliielewa kiasi gani. Yeye aliamini tu. Alama ninayoandika ni neno langu kwa mtu kama huyo, nisiyemjua. Nikiitoa bure, nimekuwa mkarimu kwa mali ya mtu mwingine.

Mtaniambia vijana wengi wataishia kurekebisha tovuti za maduka. Ni kweli, lakini cheti hakiandikwi "kwa maduka tu". Wengine husema siku hizi akili bandia inaandika programu yenyewe. Inaandika, tena haraka, na makosa yake yanapendeza macho. Ndiyo maana huwa namwita mwanafunzi, namwomba abadilishe mstari mmoja mbele yangu. Dakika tano zinatosha kujua kama kazi ni yake.

Lakini kumnyima alama hakunimalizii deni. Vyuo vingi hapa vina alama ya I, ya mwanafunzi aliyefanya sehemu kubwa ya kazi akakwama, ili amalizie baadaye. Hiyo naitoa bila kusita. Ugumu ni saa. Yeye anatoka ghalani alfajiri, mimi ofisini ni alasiri, wakati amelala. Kanisani, hata hivyo, tupo wote kila Jumapili, na kile chumba cha watoto huwa wazi baada ya chai. Mzazi aliyeniomba "apite tu" nimemwambia amlete pale, na laptopu yake.