Nasaha kwa Kibarua Aketipo Kula na Kunywa

Katika mji wa Kisumu wamo vijana wengi ambao siku yao moja ina mabwana watatu: asubuhi husomesha watoto wa watu wenye nafasi kule Milimani, adhuhuri hukaa nyuma ya dirisha la duka la M-Pesa kumshikia mwenyewe zamu, na jioni huendesha bodaboda ya mtu mwingine baina ya Kondele na stendi ya mabasi, wakipeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kabla ya kujua kilichobaki mfukoni mwao. Wengine wana shahada kubwa na husomesha vyuoni kwa muda, wakihesabiwa saa, na malipo yenyewe aghalabu huja muhula ukiisha, na pengine mihula miwili. Watu hawa nguvu zao zimekatwa vipande na kuuzwa rejareja, na kila mnunuzi hudai kipande chake kana kwamba amenunua mtu mzima. Nimeketi nao mara nyingi mwisho wa juma, nimewasikiliza, na kwa kuwa nawapenda nimeona ni wajibu wangu kuwaandikia nasaha hizi juu ya zile saa chache ambazo ni milki yao wenyewe, saa za kukaa mbele ya samaki na kinywaji baada ya dhiki ya wiki.

Kwanza, ewe kijana, usione haya kwa starehe hiyo. Wapo wanaohubiri kwamba mwenye riziki ya kubahatisha hana haki ya kufurahi, na kwamba kila shilingi aliyoibakiza ni lazima aizike katika akiba. Lakini mtu anayetumikia tu, asipate saa ya kuonja matunda ya utumishi wake, moyo wake husinyaa kabla ya mwili. Maadamu kodi ya nyumba imetengwa na watoto wamekula, kilichobaki ni halali yako. Ama yule ambaye dini yake imemkataza kileo, au amekikataa kwa hiari yake, heshima yake ni timamu, na kumbembeleza au kumkejeli ni utovu wa adabu mkubwa kuliko ulevi. Mwagizie chai au soda, umpe nafasi ile ile mezani, na usimuulize sababu.

Pili, utakapokunywa, pendelea kinywaji ambacho unamjua aliyekitengeneza. Watu wa Nairobi siku hizi wana viwanda vidogo vidogo vya bia ambavyo mpishi hujisifu kwa ladha ya mkono wake, na mambo hayo huonekana mageni na ya kizungu. Lakini huku ziwani bia ya mkono ni ya kale, nayo ni busaa, na anayeidharau ajipe taabu ya kwenda kutazama inavyopikwa. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa uchachuke siku kadhaa. Kisha mama mpishi huutandaza juu ya bati pana lililotegwa juu ya moto wa kuni, akaugeuza kwa koleo bila ya kupumzika, moshi ukimwingia machoni na jasho likimtiririka kidevuni, mpaka madonge yageuke rangi ya kahawia na yatoe harufu ya mkate uliokaribia kuungua. Kando yake umetandazwa mkeka wenye kimea, yaani nafaka ya wimbi iliyolowekwa, ikaachwa iote, ikaanikwa juani, na baadaye itasagwa. Vikutanishwapo vitu hivi viwili katika maji, mchanganyiko huanza kutokota bila ya moto, na baada ya siku chache huchujwa, ukatoka uji mwepesi wenye uchachu, uliobeba ladha ya moshi na ya nafaka kwa pamoja. Hauhifadhiki, ukipita siku mbili tatu hugeuka mkali usionyweka. Kwa sababu hiyo mpishi hawezi kupika mwingi akingoja bei njema, wala mnywaji hawezi kukawia, na wote wawili hulazimika kuaminiana.

Uaminifu huo si jambo la pambo. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2000, jijini Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na mwezi wa Februari mwaka wa 2024 msiba wa namna hiyo ulirudi Kirinyaga. Wengi wa waliokufa walikuwa watu wa vibarua, waliotafuta kileo kikali kwa fedha kidogo ili wasahau upesi. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010, ambayo watu huiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, ilitaka muuzaji awe na leseni, na ikaweka saa 11 jioni kuwa mwanzo wa kuuza katika baa siku za kazi na saa 5 usiku kuwa mwisho wake. Wako walioiona kuwa ni jeuri ya Serikali. Mimi naiona saa 11 ile kuwa ni rehema kwa mtu ambaye kibarua chake kimeota nyasi saa 4 asubuhi, na hasira zake bado zi moto.

Kegi, yaani bia ya pipa, nayo usiibeze. Imekuwapo nchini tangu mwaka wa 2004, ikikusudiwa watu wa kipato kidogo wapate kinywaji salama, na kiwanda cha bia cha Kisumu, kilichokuwa kimefungwa kwa miaka mingi, kilifunguliwa tena mwaka wa 2019 kwa ajili yake. Hupikwa kwa mtama, na sehemu ya mtama huo hutoka kwa wakulima wa Siaya, Homa Bay na Busia. Pengine shangazi yako ni mmoja wao.

Sasa nije kwenye adabu zenyewe. Wazee wa Kijaluo walikuwa wakiketi kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, nao huitwa oseke, na ukaaji wao haukuwa wa ovyo: mkubwa alijulikana mahali pake na mdogo alijulikana pake. Jirani zao Wateso, wanaokaa upande wa Busia, wana miiko ya chungu ambayo Ivan Karp, mtaalamu wa Kimarekani aliyeishi nao, aliiandikia mwaka wa 1980 makala yenye kusifika: mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto, wala haupulizwi ukatoa mapovu ndani ya chungu. Tazama hekima iliyomo. Watu wanaokunywa chungu kimoja wamekubali kwamba mmoja akitaka anaweza kuwadhuru wote, nao wakajifunga kwa taratibu ili ukunjufu wao usije ukageuka hofu. Sisi tumekihama chungu, kila mtu sasa ana kopo lake la mafuta ya Kasuku au bilauri yake, na tumedhani kuwa taratibu nazo zimekwisha. Hazikuisha. Anayeagiza kwa kelele kumpita mzee aliyetangulia, anayehesabu bilauri za mwenziwe, anayempiga picha mtu aliyelewa akaisambaza kwenye simu za watu, huyo amepuliza ndani ya chungu.

Kula kwanza, ndipo unywe. Mwili uliokuwa juani tangu alfajiri, tumbo likiwa halina kitu isipokuwa chai ya rangi na mandazi, haukusudiwi kupokea kileo, na vijana wengi waliotukanana vilabuni walikuwa na njaa tu. Na chakula cha ziwa hakihitaji utajiri. Omena, wavuliwao kwa mwanga wa taa katika usiku usio na mwezi, wakioshwa kwa maji ya moto na kukaangwa vyema kwa nyanya na kitunguu, hushibisha kwa fedha ya kibarua. Mboga za dek na osuga, zikichemshwa mpaka uchungu uishe na kupikwa kwa maziwa, ni chakula cha kumwekea mgeni wa heshima. Kule Obunga akina mama hununua mifupa ya mbuta iliyokwisha kuondolewa minofu viwandani, minofu ikisafirishwa hadi Ulaya, wakaikaanga na kuiuza kwa jina la mgongo wazi. Nami nakiri kwamba kila niketipo mbele ya mgongo ule huona uchungu, kwa kuwa samaki ni wa ziwa letu na mvuvi ni ndugu yetu. Lakini mama aliyeukaanga hana lawama, na kazi yake ni njema: sehemu za kichwani zina mafuta, na nyama iliyojificha baina ya miiba ni tamu kwa mtu mwenye subira. Ukipata ngege mzima wa mchuzi kule Dunga, mle na wenzako kwa ugali mmoja, nawa mikono kabla hujaugusa, kata tonge dogo, kula upande ulio mbele yako, na ubavu ulionona mwachie mdogo wenu.

Lipo jambo moja ninalolisisitiza kuliko yote: usimlete bwana wako mezani. Najua karaha ya kuamrishwa na mtu usiyemjua jina la pili, na ya kuambiwa njoo kesho juu ya fedha uliyokwisha kuitolea jasho. Lakini ukinywa juu ya ghadhabu hukitambui kinywaji, wala hukumbuki ulichokula, na yule aliyekuchukulia siku zako sita amekuchukulia na ya saba. Sema dhiki yako mara moja, wenzako waisikie na wakupe pole, kisha ifunge. Jumatatu ipeleke panapostahili. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, katika kifungu cha 18, imesema kwamba ujira wa kibarua hustahiki mwisho wa siku. Na kifungu cha 37 humhesabu kuwa ni mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi yule kibarua aliyefanya kazi mfululizo muda usiopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo kwa insafu hatazamiwi kuimaliza kabla ya miezi mitatu. Mahakama ya Ajira ina majaji wake hapa hapa Kisumu. Andika siku zako katika daftari, weka jumbe za malipo, wala usiufute hata mmoja.

Na mlipe aliyekupikia. Mama anayekupimia busaa ni kibarua mwenzako: asubuhi hufulia watu nguo, Jumapili huuza nyanya katika soko la Kibuye, na usiku hukaanga unga juu ya lile bati. Nimeona watu waliokopa kwake wakamtishia kumtaja kwa askari akidai chake, kwa kuwa leseni yake ina kasoro, na sijui dhuluma iliyo duni kuliko hiyo. Asiyelipwa Jumamosi hana fedha za kununua wimbi Jumatatu, na juma lifuatalo hakuna chungu, wala hakuna karo ya mtoto wake.

Lakini deni lile aghalabu lilianza mbali na chungu, kwa mwajiri aliyemwambia kijana asubiri. Basi ninyi mnaoajiri watu kwa saa na kwa siku, wenye maduka, wenye pikipiki, wenye hoteli za ufukweni na wakuu wa vyuo, nawaomba kwa taadhima: mlipeni mtu ujira wake jioni ile ile, kabla hajaondoka mlangoni penu.