Kidole na King'ora

Mto Msimbazi huteremka kutoka vilima vya Pugu, hupita bonde la Jangwani pembeni mwa Kariakoo, na hatimaye hujimwaga baharini penye mikoko ya Daraja la Selander. Kutoka hapo mvuvi wa mshipi hana safari ndefu. Ngalawa yake ikishayavuka maji ya tope, mbele yake vimekaa visiwa vya Bongoyo na Mbudya. Usiku hutia nanga, huvika ndoana chambo, huliacha chubwi lizame hadi liguse chini, kisha huulaza uzi juu ya kidole cha shahada. Tangu hapo kazi yake ni moja tu, nayo ni kungoja.

Kidole kile ni mwanachuoni. Hupambanua mvuto wa mkondo na mvuto wa kiumbe. Humjua kaa anayemega chambo kwa wizi, changu anayedonoa na kuacha, na chewa anayemeza mara moja na kukimbilia mwambani. Elimu hiyo haikutoka kitabuni. Ilitokana na chumvi, baridi na mikosi ya usiku mwingi.

Mbali na pwani hii, wapo wavuvi waliokikabidhi chombo kazi ya kidole. Huko Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mhandisi Richard Walker alibuni king'ora cha umeme cha kumwarifu mvuvi kwamba chambo chake kimeguswa. Siri yake ilikuwa nyepesi. Uzi ulipita kwenye mkono mwembamba. Samaki akivuta, mkono husogea, vyuma viwili hukutana, umeme wa betri hupita, king'ora hulia na taa ndogo huwaka. Fundi redio yeyote wa Mtaa wa Msimbazi angekifungua na kukielewa kabla chai yake haijapoa. Septemba 1952, katika bwawa la Redmire, Walker alinasa samaki wa maji baridi aitwaye karpi, mwenye uzito wa ratili 44, karibu kilo 20; rekodi iliyodumu nchini mwake hadi mwaka 1980. Samaki huyo alipelekwa akiwa hai kwenye bustani ya wanyama ya London, akaishi humo hadi 1971. Baadaye ving'ora vikauzwa madukani. Kikaja Heron, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kikaja Optonic, kilichotumia gurudumu dogo na mwali wa mwanga badala ya vyuma vya kugusana.

Swali lililozuka hapo ni la kale kuliko betri. Je, aliyeiachia mashine kazi ya kungoja, amengoja? Na ikiwa hakungoja, samaki yule ni haki yake? Anayekishitaki king'ora husema kwamba uvuvi ni subira kabla haujawa samaki, na kwamba anayelala huku waya ukimkeshea amekula jasho lisilo lake. Anayekitetea hujibu kwamba jicho la binadamu huchoka, na kwamba samaki anayegunduliwa mapema hanaswi tumboni bali mdomoni. Basi anayekusudia kumrudisha majini humrudisha akiwa mzima.

Miongo ikapita, na jambo la ajabu likatokea. Waliokuwa vijana kando ya mabwawa yale sasa ni wazee, nao huvikumbuka ving'ora hivyo kwa mapenzi. Huyatafuta masanduku yaliyopauka, hubadilisha nyaya zilizooza, na mlio ule mkavu ukisikika tena huwarudishia ukungu wa alfajiri, birika la chai na marafiki waliokwisha kufukiwa. Kitu kilichoshitakiwa kwamba kinaiua subira kimegeuka kuwa ukumbusho wa subira.

Hapa mwepesi wa kuhukumu hana budi kusita. Kila kizazi hudhani kwamba chombo chake ndicho cha mwisho kilicho halali, na kwamba uharibifu huanza na chombo kinachofuata. Hata uzi wa nailoni ulio juu ya kidole cha mvuvi wa ngalawa haukujulikana kwa babu wa babu yake, aliyesokota wake kwa mkono. Naye, lau angefufuka, huenda angeuita uvivu.

Lakini mazoea si hoja. Kupendwa kwa kitu baada ya miaka hamsini hakuthibitishi kwamba kilikuwa chema. Mtu aweza kuupenda hata ugonjwa uliomlaza utotoni, kwa sababu ya mkono uliomuuguza. Basi swali linabaki, na jibu lake limo ndani ya kungoja kwenyewe. Kungoja kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni kukesha, yaani kutopitiwa na jambo linapotokea. Ya pili ni kutambua, yaani kujua jambo lililotokea ni lipi, na linamdai mtu nini. King'ora huichukua ya kwanza. Ya pili hakiwezi, kwa kuwa hulia vilevile kwa samaki, kwa jani na kwa upepo. Kikishalia, sharti mtu ainuke na kuamua. Aliyeinuka hajadanganya, alichokiazima ni macho, dhamiri bado ni yake. Aliyedhoofika ni yule ambaye, kwa kuzoea kuamshwa, amesahau kusikia.

Jambo hili si mchezo wa wavuvi wa starehe, na Msimbazi wenyewe ni shahidi. Desemba 2011 mto ule ulifurika, na mafuriko ya Dar es Salaam yakaua watu zaidi ya 40. Familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, na miaka iliyofuata maji yakarudi tena na tena. Katika bonde kama lile, ni nani atakayekataa king'ora kwa hoja kwamba kukesha ni wema? Mama aliyechoka kwa kuuza mboga mchana kutwa ana haki ya kulala, na ana haki ya kuamshwa maji yakipanda. Anayemtaka akeshe ili asipungukiwe na subira anaigeuza taabu ya mwenziwe kuwa pambo lake mwenyewe.

Ila hapo hapo ndipo mpaka unapoonekana. King'ora kitamwamsha mtu, lakini hakitamgongea jirani mlango, wala hakitambeba bibi asiyeweza kutembea. Kikilia na kila mmoja akadhani kwamba kelele ile imekwisha kutimiza wajibu, maji yatawakuta watu walioamka na wasiofaana. Kukesha huazimwa, dhamana haiazimwi.

Kwa hiyo mvuvi wa ngalawa hana sababu ya kumdharau mzee wa Redmire, wala mzee yule hana sababu ya kumhurumia mwenye kidole. Wote wawili huulizwa swali moja gizani, uzi unapotikisika. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga. Nao hawakusema ni nani atakayeusikia, kwa sikio au kwa ncha ya kidole. Waliacha hilo kwa aliye macho.