Kukata Picha

Picha ni shahidi asiye na ulimi. Haisemi ila kwa yale yaliyomo ndani ya mipaka yake, na mipaka hiyo huwekwa na mkono wa mtu. Kwa hiyo akataye picha ili ienee katika fremu hukata pia sehemu ya ushahidi. Yatupasa tuulize: ana haki gani ya kukata, na haki hiyo hukoma wapi?

Haja ya kukata hutokana na hesabu, si na ubaya wa moyo. Picha ya filamu ya milimita 35 ina kimo cha milimita 24 na upana wa milimita 36, yaani uwiano wa mbili kwa tatu. Karatasi za kuchapia nazo zina vipimo vyake: inchi 4 kwa 6, 5 kwa 7, 8 kwa 10. Katika karatasi ya 4 kwa 6 picha hiyo huenea sawasawa. Lakini ikikuzwa hata upande mfupi ukawa inchi 8, upande mrefu huwa inchi 12, na karatasi ya 8 kwa 10 haina nafasi ya inchi mbili zilizozidi. Sehemu moja katika sita haina budi kuanguka.

Katika picha ya mlima Kasigau, sehemu ya sita ni kitu kidogo. Nyika ikipungua kulia na kushoto, mlima hubaki mlima, wala hakuna aliyedhulumiwa. Lakini tuwaze picha ya arusi huko Wundanyi, watu kumi na wawili wamesimama safu moja. Sehemu ya sita ya safu hiyo ni watu wawili. Nao ni nani? Aghalabu katikati husimama wenye cheo na mali. Pembeni husimama mwenye haya, jirani aliyechelewa, shangazi aliyetoka jikoni akifuta mikono. Waliofanya kazi ili siku ipendeze ndio wanaofikiwa kwanza na mkasi. Baada ya miaka hamsini wajukuu wataitazama picha ukutani, wataamini kuwa waliokuwapo ni hao tu. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mkasi humfanya aliyekuwapo awe kama hakuwapo.

Historia yatupa mfano wa kufikiria. Mwaka 1898, reli ilipokuwa ikijengwa kuvuka mto Tsavo, mbele ya Voi, simba wawili waliwaua wafanyakazi wengi. J. H. Patterson aliwapiga risasi wote wawili mwezi wa Desemba. Katika kitabu chake cha mwaka 1907 aliandika kwamba watu wanane walihitajika kumbeba simba wa kwanza hadi kambini. Tuseme msafara huo ulipigwa picha, kisha mtu akaikata, akabakiza mwenye bunduki na simba. Kila alichobakiza ni kweli. Hakuongeza hata nukta. Hata hivyo amewaondoa wachukuzi wanane, na kweli iliyopunguzwa hivyo hufanya kazi ya uongo.

Yamkini msomaji atajibu kwamba hata mpiga picha alikata tangu alipoelekeza kamera, kwa kuwa hakuna jicho lionalo dunia nzima. Hoja hii ni sahihi, lakini haituondolei wajibu. Mkulima hupogoa mti ili uzae, wala hatumlaumu. Tunamlaumu akataye tawi lenye matunda kwa sababu limepita ua wake. Kipimo ni hiki: kilichoondolewa kikirudishwa, je, maana ya picha itabadilika? Ikiwa haitabadilika, kata. Ikiwa itabadilika, zuia mkono.

Wala njia nyingine hazikosekani. Picha nzima huweza kuchapwa kwa udogo katikati ya karatasi, ikazungukwa na ukingo mweupe. Seremala huweza kutengeneza fremu kwa kipimo cha picha. Tena picha ya asili na ihifadhiwe bila kuguswa, ili kosa la mkasi lipate kusahihishwa. Haya hugharimu fedha kidogo na subira kidogo. Fremu hupatikana dukani siku yoyote, lakini siku iliyopita haiuzwi popote. Basi fremu na iifuate picha. Picha isilazimishwe kuifuata fremu.