Meli Iliyozama na Haki ya Mzamiaji

Methali hutufundisha kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Haikusema kwamba kila kilichomo mvunguni ni halali ya ainamaye. Mtu ashukaye kilindini kuitazama meli iliyozama vitani ahitaji ufundi mwingi, lakini ufundi haulijibu swali lililo kubwa zaidi: je, uwezo wa kufika mahali ni ruhusa ya kuingia? Swali hili laweza kudhaniwa ni la watu wa pwani, lisilowahusu wakazi wa Njombe, Makambako na nyanda za Kitulo, zilizo juu ya bahari kwa kiasi cha meta 2,600. Tutaona kwamba lawahusu.

Meli zilizozama si za namna moja. Graf von Goetzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma mwaka 1916, mitambo yake imepakwa grisi ili maji yasiiharibu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini katika Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba. Hapana aliyedhulumiwa. Meli ile ilifichwa, haikuzikwa. Na kilichofichwa chaweza kufichuliwa.

Tofauti hiyo yadhihirika katika maji ya baridi ya Scapa Flow, kaskazini mwa Uskoti. Humo zimo manowari ambazo Wajerumani walizizamisha kwa mikono yao tarehe 21 Juni 1919, na wazamiaji huruhusiwa kuzitazama. Imo pia Royal Oak, iliyopigwa na nyambizi ya Kijerumani tarehe 14 Oktoba 1939, ikafa na watu zaidi ya 830. Hiyo ni kaburi, na kuizamia ni marufuku, isipokuwa kwa wanamaji wa Uingereza ambao hushuka kila mwaka kubadili bendera yake. Iko kiasi cha meta 30 tu chini ya maji. Kiilindacho, basi, si kina. Ni adabu iliyotiwa nguvu na sheria.

Mpinzani atasema kwamba wafu hawaoni wala hawasikii, na kwamba atazamaye bila kugusa huwasaidia walio hai wasisahau. Hoja hiyo ina uzito. Walakini heshima ya kaburi haikuwekwa kwa ajili ya maiti peke yake. Iliwekwa pia kwa ajili ya mama aliyemtoa mwanawe asirudishiwe hata nguo yake. Apitaye makaburini kwa unyenyekevu hamtukani mtu. Afanyaye kaburi uwanja wa kupimia ushujaa wake ameugeuza msiba wa mwenziwe kuwa mchezo.

Liko jambo zito kuliko hilo. Mwezi wa Februari 1944 meli Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo. Tarehe 12 ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kilindi kile hakifikiwi na mzamiaji yeyote, wala hapana awasumbuaye waliolala humo. Je, tuseme wameheshimiwa? Hasha. Heshima ni kujizuia kwake awezaye. Asiyeweza hana la kujizuia. Royal Oak haiguswi kwa kuwa inakumbukwa. Khedive Ismail yaweza kutoguswa na huku imesahauliwa, na bahari ikasifiwa kwa adabu tusiyokuwa nayo sisi.

Hapo ndipo mtu wa milimani aingiapo katika swali hili. Vita ile iliwachukua vijana wa bara pamoja na wa pwani, na kaburi la baharini halipaliliwi kama kaburi la mlimani. Majina ya askari wale yamechongwa katika ukumbusho wa vita huko Nairobi, lakini jina lililochongwa lahitaji msomaji. Wajibu wa mzamiaji ni kujua pa kukomea. Wajibu wetu, tusioweza kuzama, ni kuwauliza wazee waliobaki ni nani aliyekwenda vitani asirudi, na kuliandika jina lake kabla wazee hao nao hawajanyamaza.