Fimbo ya mtoto na daftari la hesabu

Kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi wa Tanzania kuchapwa viboko visivyozidi vinne, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Fimbo hiyo ilihesabiwa, ila kwa jina la nidhamu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliotangazwa 2011, haukufuata jina hilo. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa tu walitendewa nini: ngumi, mateke, viboko. Karibu robo tatu wakasema walipigwa kabla ya kutimiza miaka 18.

Mtoto ni yule yule, maumivu ni yale yale. Kilichobadilika ni mizani. Sera ndiyo huamua kosa ni lipi, na lisiloitwa kosa halina mahali katika daftari la polisi. Je, daftari likiwa jeupe tuseme watoto wako salama?

Ndugu Waislamu, tusiinyooshee kidole serikali peke yake. Katika madrasa zetu, aghalabu hata hicho kitabu hakuna. Mtoto ni amana, na Siku ya Hesabu hatutaulizwa kanuni iliruhusu viboko vingapi. Tutaulizwa tulimfanyia nini. Basi tuanze kuandika sasa, tena kwa jina lake halisi.

Wabillahi Tawfiq.