Maji ya Babati Huchemka Mapema

Tangu Manyara ilipomegwa kutoka Arusha na kuwa mkoa mwaka 2002, Babati imekuwa mji wa watu wenye barua za uhamisho. Mwalimu katoka Lindi, muuguzi katoka Pangani, karani katoka Mwanza, na kila mmoja kashuka stendi na godoro lake, masufuria yake na mapishi ya kwao. Sisi tuliowatangulia tunawapokea vizuri, maana mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunawaonyesha duka la unga na soko. Tunawaonya wasitembee kando ya ziwa jioni kwa sababu ya viboko. Lakini lipo jambo moja hatuwaambii, na wengi wetu wenyewe hatulijui: maji ya hapa huchemka kabla hayajapata moto wa maji ya huko walikotoka.

Mji wetu uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Tanga au Dar es Salaam sufuria hutokota kwa nyuzi joto 100. Hapa hutokota zikiwa 95 au 96. Ukipanda kutoka Dareda, ukaukwea ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Dongobesh na Mbulu, zinapungua tena, kwa kadiri ya nyuzi moja kila mita 300. Kileleni Uhuru, juu ya mlima Kilimanjaro, mita 5,895, maji hutokota yakiwa karibu na nyuzi 80 tu. Sababu ni hewa. Hewa ina uzito, na uzito huo huyakandamiza maji ndani ya sufuria. Yakitaka kugeuka mvuke sharti yaushinde. Pwani hewa ni nzito, kwa hiyo maji hupata moto mwingi kabla ya kushinda. Kwetu hewa ni pungufu, na ushindi unakuja mapema.

Na yakishachemka, yamefika mwisho wake. Ongeza mkaa, pepea jiko mpaka cheche ziruke, maji yatatokota kwa kelele zaidi na kukauka haraka zaidi, lakini joto lake halitapanda hata kidogo. Hili lina uzito kwa yeyote anayenunua mkaa kwa kopo. Moto mkali chini ya sufuria inayotokota tayari ni fedha inayopaa na mvuke. Mfuniko unasaidia kuokoa mkaa, nao pia haupandishi joto. Kinachopandisha ni presha kuka peke yake, kwa kuwa inaufungia mvuke ndani na kuyarudishia maji ule uzito yaliyoukosa.

Kwa makande na maharage, tofauti hii inaonekana kama uvivu wa jiko. Unasubiri, unaonja, unaongeza maji, unasubiri tena. Yai halikupi nafasi hiyo. Huwezi kulionja likiwa kwenye sufuria, wala kulibonyeza, wala kulifunua ukachungulia. Ukilipasua umeshaamua. Ndiyo maana naamini yai ndilo chakula kinachofichua haraka kuliko vyote kwamba mpishi amehama.

Mdogo wangu alioa Tanga. Mke wake alipokuja kwetu mara ya kwanza ilikuwa Julai, baridi imekaza, ile ya Babati ambayo asubuhi inashusha ukungu kutoka mlima Kwaraa na kukufanya ushike kikombe kwa mikono miwili. Akaamka kabla ya wote kuandaa chai, akachemsha mayai ya watu wa nyumba nzima. Baba yetu hupenda kiini kikavu, kile kinachomomonyoka na kutaka chumvi. Alipolipasua lake, kiini kilikuwa tepetepe, cha rangi ya chungwa, kikateleza kwenye sahani. Baba hakusema neno. Alikikusanya kwa mkate akala. Aliyesema ni shangazi, tena si kwa kunong'ona: huyu binti hakufundwa.

Wifi yangu aliinamisha uso. Baadaye jikoni alimwambia mama, "Mama, kwetu dakika nane kiini kimeshashika. Nimezihesabu kwenye simu."

Mama akamjibu, "Nakuamini, mwanangu. Hapa ongeza kidogo."

Mama hakuwa na habari za uzito wa hewa. Alijua tu kwamba hapa inaongezwa, kama alivyojua mvua itakapoanza. Na wifi hakuwa amekosea hesabu. Dakika zake zilikuwa za kweli, alizirithi kwa mama yake aliyezipima kwa miaka mingi kando ya bahari, na kule kwao zilimpa yai lilelile kila asubuhi. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba dakika nane za Tanga hazisafiri na mtu ndani ya basi. Badala ya kuambiwa hivyo, aliambiwa hajui kupika, na neno kama hilo likisemwa mezani mbele ya wakwe, bibi harusi halisahau.

Nimelifikiria sana neno la shangazi, kwa sababu nimelisikia katika sura nyingine nyingi mjini hapa. Mwalimu mgeni hajui kufundisha watoto wetu. Bwana shamba mgeni hajui udongo wetu. Mara nyingi mtu huyo alikuwa hodari alikotoka, na uhodari wake haujaisha. Umekutana na maji yanayochemka kwa joto jingine.

Mwaka 1835 Charles Darwin, yule mtaalamu wa Uingereza aliyekuja kuandika juu ya chimbuko la viumbe, alivuka milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Walipolala mahali pa juu, wenzake wakainjika viazi. Vikachemka saa kadhaa, vikaachwa motoni usiku kucha, asubuhi vikachemshwa tena, na bado vikawa vigumu. Darwin akawasikia wawili wao wakilijadili jambo hilo, na uamuzi wao ukawa kwamba kosa ni la chungu, tena kilikuwa chungu kipya, hakitaki kupika viazi. Shangazi yangu angeelewana nao vizuri. Kitu kigeni kikiwa karibu, lawama haziendi mbali kutafuta pa kukaa.

Sasa nirudi kwenye yai, maana nalipenda na nataka mtu aliyehamia hapa alipate kama anavyolitaka.

Ute huanza kushika joto lake likipita nyuzi 60. Kiini huanza kuwa kizito karibu na 65, na kuelekea 75 na zaidi kinakauka. Hivyo nyuzi 95 za Babati zinatosha kabisa. Yai halina haja ya 100. Kule Bogoria nchini Kenya, na Sempaya katika msitu wa Semuliki nchini Uganda, wageni hutumbukiza mayai kwenye chemchemi za maji moto na kuyala yakiwa yameiva, bila kuni wala mkaa. Kazi ya joto ni kusafiri kutoka kwenye ganda mpaka katikati, na maji yasiyo na moto mwingi hulisukuma taratibu zaidi. Kwa yai kubwa la kuku wa kisasa, pwani dakika 6 tangu maji yanapotokota zinakupa kiini cha majimaji. Hapa hesabu 7. Pwani dakika 10 zinakupa kiini kilichoshika vizuri. Hapa nenda mpaka karibu 12. Asubuhi za Julai, yai lililolala jikoni kwenye baridi linataka nyongeza ndogo tena.

Ila yai la kienyeji ni dogo, na safari ya joto ndani yake ni fupi. Linaweza kuiva kwa muda pungufu kwa moja ya tano hivi. Kwa hiyo udogo wa yai na wepesi wa hewa yetu hukaribia kufutana: yai la kienyeji likichemshwa Babati huiva karibu kwa dakika zilezile za yai kubwa la kisasa likichemshwa Tanga. Nilipoligundua hili nilifurahi sana, kwa sababu lilinieleza kwa nini wageni wengine hawakuwahi kupata shida. Walifikia nyumba zenye kuku uani. Wifi yangu alipewa trei ya mayai ya dukani.

Namna ninayoiamini ni kuchemsha maji kwanza, ndipo mayai yashushwe moja moja kwa kijiko, na moto upunguzwe mpaka maji yatikisike tu. Ukianza na maji ya baridi, hujui uanze kuhesabu wakati gani, kwa kuwa jiko la mkaa la leo si la jana. Mayai yakishaingia, yatazame. Kwenye ule upande butu utaona uzi wa viputo vidogo ukipanda, kimoja nyuma ya kingine, kutoka mahali pamoja pa ganda. Ni hewa ya kile kifuko kilichomo ndani, inapanuka kwa joto na kutafuta njia kupitia vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Kadiri yai linavyokaa, kifuko hicho kinakua, na ndiyo sababu yai la zamani huelea kwenye bakuli la maji wakati lililotagwa leo hulala chini.

Muda ukitimia, mwaga maji ya moto na utie ya baridi papo hapo. Maji ya bomba ya hapa kwetu yana ubaridi wa kutosha. Usipofanya hivyo, yai linaendelea kuiva mezani, na likipitiliza sana kiini chake huvaa pete ya kijivu inayoelekea kijani. Pete hiyo ni salfa ya ute iliyokutana na chuma cha kiini. Haidhuru, lakini harufu yake inajulikana. Na kama yai linakataa kumenyeka, linang'oka na vipande vya ute, kwa kawaida ni jipya mno. Lingengoja siku chache hewa ya ukaa iliyomo kwenye ute itoke, lingevuliwa ganda bila ugomvi. Mimi huanza kumenya upande ule butu.

Vijana wanaouza mayai stendi, wanaoyapandisha kwenye madirisha ya mabasi ya Arusha na Dodoma pamoja na chumvi na pilipili, huyachemsha mpaka yakauke. Wanafanya sawasawa. Yai la kutembea juani siku nzima halifai kuwa na kiini laini.

Yai la kiini laini halifai pia kwa mtoto mdogo, kwa mjamzito, wala kwa mzee aliyedhoofika, kwa sababu kiini kisichoshika kinaweza kubaki na vijidudu vya salmonela. Hapa ndipo zile dakika mbili za nyongeza zinapoacha kuwa suala la ladha. Mama mjamzito aliyehamia hapa, anayefuata dakika za kwao kwa uaminifu, anadhani anakula yai lililoiva kabisa, kumbe halijafika. Na nasema ale. Bado wapo wanaomwambia mjamzito asile mayai eti mtoto atazaliwa bila nywele. Si kweli, na imani hiyo inaumiza. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 uliona kwamba nchini kwetu watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika nchi yenye kuku mpaka mlangoni, kumnyima mama yai ni kumnyima mtoto kabla hajazaliwa.

Wifi siku hizi ni mtu wa Babati. Ameweka dakika zake mwenyewe, mbali na za mama yake na mbali na za mama yetu, kwa kuwa sufuria yake ni nyingine na anatumia gesi. Baba hupata kiini kikavu. Mdogo wangu hupata cha majimaji, anachovya mkate. Shangazi alipokuja Krismasi aliulizwa anataka lipi kabla halijaingia kwenye maji, na aliulizwa kwa heshima yote: "Shikamoo shangazi, leo nikupikie la kushika au laini?" Akajibu la kushika, akala mawili. Hakuomba radhi. Naona ingefaa aombe, na nitamwambia mwenyewe.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba elimu hii tunayo. Mwanafunzi wa sekondari anafundishwa kwenye fizikia kuwa maji huchemka kwa joto dogo zaidi mahali ambapo mgandamizo wa hewa ni mdogo. Anaandika kwenye daftari, anajibu mtihani, anapata alama. Kisha anarudi nyumbani, anakaa hatua mbili kutoka jikoni, na hakuna aliyemwambia kwamba daftari lake linazungumzia sufuria ile. Walimu wa hapa mjini wanaweza kulimaliza hili kwa asubuhi moja: kipimajoto cha maabara, jiko, na trei ya mayai. Wanafunzi wasome nyuzi maji yanapotokota, watoe yai moja baada ya jingine kila dakika kuanzia ya 6 hadi ya 13, walipasue, waandike walichokiona. Wenzao wa Mbulu wafanye hivyo hivyo, na wa Tanga pia, wapelekeane matokeo. Karatasi ya Babati ibandikwe stendi, pale mabasi yanaposhusha watu wenye magodoro.