Ua la Kwanza Likatwe?

Leo tutazame ua moja tu, nalo litatuuliza swali lisilo rahisi.

Katika nchi ya Marekani, kwenye mbuga za katikati na za mashariki, huota mmea uitwao ekinasea. Jina hilo limetoka katika neno la Kigiriki la kalunguyeye, kwa maana katikati ya ua pana ncha kali kama mgongo wa mnyama huyo. Rangi yake ya asili ni waridi iliyochanganyika na zambarau. Nyekundu kamili, ile ya pilipili mbivu, haikuwako bustanini zamani. Tangu mwisho wa miaka ya 1990, wataalamu wa Marekani, na miongoni mwao wale wa Chicago Botanic Garden, walichanganya ekinasea hiyo na ndugu yake wa rangi ya manjano, atokaye vilima vya Ozark. Katika uzao wao zikaja rangi ya machungwa na ile nyekundu. Watu wakafurahi, wakanunua.

Lakini wengi walihuzunika baadaye. Walinunua mmea katika chungu, umekwisha kuchanua. Wakaupanda, wakausifu mbele ya wageni. Ikaja baridi kali na theluji. Mwaka uliofuata wakangoja chipukizi, wasione kitu. Mmea ambao ungeweza kuishi miaka mingi ulikuwa umekufa katika mwaka wake wa kwanza.

Sababu ni nini? Ekinasea hudumu kwa mizizi. Kila mwaka baridi huua shina na majani. Kinachobaki hai ni mizizi na vichipukizi vilivyolala juu yake udongoni. Mmea mchanga ukitumia nguvu zake zote kuchanua na kuzaa mbegu, hauna akiba. Tena, udongo wenye maji mengi wakati wa baridi huuozesha. Basi wakulima wenye busara hushauri mambo matatu. Upandwe mapema, mahali penye jua na udongo usiotuama maji. Shingo yake isizikwe chini sana. Na la tatu, ndilo gumu: maua ya mwaka wa kwanza yakatwe.

Hapo ndipo swali linapozaliwa. Tulipanda ili tuone ua, nasi tunalikata wenyewe? Mzee mmoja aweza kusema: «Sijui kama mwaka ujao utanikuta. Niachieni ua langu la leo.» Neno lake si upuzi. Mtu aahirishaye furaha siku zote, mwisho hataionja kamwe.

Tunajibu hivi. Kwanza, mzizi si bwana wa ua; mzizi upo kwa ajili ya ua. Akataye kila mwaka hana bustani, ana majani tu. Kukata kwa haki kuna mwisho wake unaojulikana. Pili, wahenga walisema, mvumilivu hula mbivu. Vema, lakini tuulize: na mbivu hiyo italiwa na nani? Mwenye bustani akatapo ua, anayepoteza leo ni yeye mwenyewe, na anayepata ni mmea. Hiyo ndiyo alama ya haki: mwenye kushika mkasi abebe hasara pia.

Tupime nyumba zetu kwa alama hiyo. Baba amwambiaye binti yake, «Acha shule, kauze sokoni, ujifunze kuvumilia,» amekata ua, lakini faida ameitia mfukoni mwake. Maneno yake ni ya mkulima, matendo yake ni ya mwizi. Bali mama ana mtoto mwenye sauti nzuri, nao watu wanamwita aimbe katika kila arusi mpaka usiku wa manane. Mama akikataa, ili mtoto alale na kusoma kwanza, amekata kwa haki, kwa sababu sifa ile ingekuwa yake pia, naye ameiacha. Lakini amweleze mwanawe sababu. Mtoto si mmea: ana masikio, ana akili, naye ana neno lake la kusema.

Na yule mzee wetu? Asidharauliwe. Ua lililokatwa halina lazima ya kutupwa. Litiwe katika gilasi ya maji, liwekwe mezani pake, alione asubuhi na jioni. Mzizi umepata haki yake, na mzee amepata yake.

Mwaka wa pili, mkasi uwekwe chini. Maua yachanue yote, na hata yakikauka yaachwe juu ya shina, maana huko Marekani ndege wadogo wa manjano huja kula mbegu zake. Sisi wenye mikasi tujiulize kila mara tunapomnyima mtu kitu na kumwambia ni kwa faida yake: je, ni kwa faida yake kweli?